Njeri Alipokuwa Nuru

Wewe uliyekulia Kakamega wakati wetu huhitaji nikukumbushe harufu ya saa kumi na moja jioni. Mvua ilikuwa imeshakuja na kwenda, maana siku zile ilifika kwa wakati kama karani wa serikali anayemwogopa bosi. Ardhi nyekundu ilitoa mvuke, moshi wa kuni ulitambaa juu ya mabati, na kutoka kila jikoni ulisikia mwiko ukigonga sufuria. Hapo ndipo mama alipoita. Aliita mara moja tu. Ukisikia jina lako lote, pamoja na lile la kanisani, ulijua uji umeshaharibika, ukakimbia.

Tuliishi kwenye ploti, upande wa chini wa soko. Nyumba zilipangwa mkabala, katikati uwanja wa udongo, mfereji mmoja na kamba za nguo. Uwanja ule ulikuwa wetu. Tulicheza kati kwa mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kwa nyuzi za gunia, na ukipigwa nao wakati umelowa maji ulikaa na alama mpaka Jumapili. Tuliruka blada mpaka kamba ya mpira ikatike. Tulijificha brikicho nyuma ya mapipa ya maji, na yule mdogo wetu Wafula, aliyekuwa na miaka minne, akatusaliti kila mara kwa kuja kusimama mbele ya pipa na kusema, "Nanjala hayuko hapa."

Nanjala ni mimi. Nilizaliwa msimu wa njaa, kabla mahindi mapya hayajakomaa, ndiyo maana nikapewa jina hilo, na watu wa Kabras wakilisikia wanajua hata mwezi niliozaliwa. Baba alikuwa mtu wa Kabras, karani ofisini mjini. Mama alikuwa mwalimu wa nasari, na nyumbani alituongoza kama alivyoongoza darasa lake: kila kazi ilikuwa na mchezo wake, na kila mchezo ulikuwa na sheria. Hata kuosha miguu kabla ya kulala tulishindana.

Na chakula. Mrenda, mboga ya kuteleza, uliovutika kutoka sahani mpaka mdomoni bila kukatika. Mushenye wa maharagwe na viazi vitamu uliokaa tumboni mpaka kesho yake. Ingokho, yaani kuku, ilichinjwa mgeni akija, na sisi watoto tulipangiwa shingo, miguu na mchuzi, lakini mchuzi wenyewe na obusuma, ugali wetu, ya moto ulitosha kumfanya mtu aombe Mungu alete wageni wengi. Siku hizi mtoto anakula paja la kuku Jumanne, bila mgeni, bila sababu, halafu anasema limekauka.

Rafiki yangu alikuwa Njeri. Tulikuwa darasa moja, la pili, dawati moja, na meno ya mbele yalitutoka karibu wakati mmoja, ila yake yalichelewa kurudi. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la nyumba yao, mkabala na yetu. Ilipokuwa ikilia asubuhi tulijua kumekucha. Karibu nusu ya sare za shule tulizovaa mtaani zilitoka mikononi mwake. Tukicheza kalongo, ule mchezo wa baba na mama, Njeri ndiye aliyekuwa mama, maana alikuwa na mabaki ya vitambaa vya kila rangi, na mtoto mwenye vitambaa hakuna anayemkatalia umama. Baba yake aliendesha lori, mara nyingi alikuwa safarini.

Familia ile ilitoka Nyeri. Kabla ya mwezi ninaotaka kuwasimulia, jambo hilo lilikuwa na maana moja tu kwetu: Mama Njeri alikuwa akipika viazi, mahindi na majani ya maboga pamoja, akaviponda mpaka vikawa kijani, na sisi tulipanga foleni mlangoni pake kila mtu na sahani yake. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Zubeda, mama wa Kiislamu kutoka Mumias, mjane mwenye sauti nzito na kicheko kilichopita ukuta. Alipika mandazi ya kuuza. Alfajiri iliyonukia iliki ndiyo saa yetu ya kuamkia.

Basi ikaja likizo ile ya Disemba. Krismasi ilipita vizuri. Watu wazima wakapiga kura, kisha wakakaa kusikiliza redio. Baba alikuwa ameenda Kabras kumpelekea kukhu, bibi yetu mzaa baba, sukari na blanketi, naye aliahidi kurudi kabla ya ofisi kufunguliwa. Sisi watoto hatukuelewa matokeo ni kitu gani. Tulichoelewa ni kwamba redio ilisema kitu mchana mmoja, halafu upande wa stendi kukaanza kelele ambayo haikuisha.

Moshi mweusi wa matairi ulipanda juu ya soko. Maduka yakafungwa, mengine yakavunjwa. Barabara zikawekwa mawe na magogo pande zote, gari halitoki, gari haliingii. Mji uliokuwa ukipitisha magari ya miwa, mabasi ya Kisumu na wachuuzi wa kila namna ukabaki umezibwa kama chupa. Ndani ya mji polisi walizunguka, nje yake vijana walilinda mawe yao, na sisi tulikuwa katikati. Unga ulianza kupungua madukani, kisha ukaisha. Chumvi ikaisha. Kadi za simu zikaisha, kwa hiyo simu ya Mama ikawa tochi tu, na Baba akawa mtu aliye upande wa pili wa ukuta tusiouona.

Kisha watu wakaanza kuulizana nani anatoka wapi, na waliotoka upande wa Nyeri, alikotoka yule aliyetangazwa mshindi, wakaanza kuwindwa. Huko ndiko lilikoanza jambo lenyewe.

Wale kina mama watatu walikutana kwetu mchana, wakanywa chai ya rangi bila sukari. Mimi na Njeri tulikuwa chini ya meza tukijifanya tunapanga vizibo vya soda.

"Mimi naenda polisi," Mama Njeri alisema. "Wenzangu wengi wamekimbilia huko. Sitaki mchomewe nyumba kwa sababu yangu."

"Unapita wapi?" Mama akamuuliza. "Hapo kwa kona wamekaa na mapanga tangu jana. Wanasimamisha kila mtu."

"Sasa nifanye nini, Mama Nanjala?"

Mama Zubeda ndiye aliyeweka kikombe chini.

"Niko na mabuibui mawili," alisema. "Hilo moja ulinishonea wewe mwenyewe. Utavaa hilo. Kuanzia leo wewe ni dada yangu wa Mumias, umenitembelea Krismasi." Akafikiri kidogo. "Hapana, sisi hatufanyangi Krismasi. Umenitembelea likizo."

Kicheko kikawatoka wote watatu, kisha Mama Njeri akaweka kichwa juu ya meza yetu akalia. Njeri akaacha kupanga vizibo.

Jioni ile ile, mwanga ukiwa bado upo, nyumba ya Mama Njeri ilihamishwa kimya kimya. Cherehani iliingia chini ya kitanda chetu, ikafunikwa magunia. Sufuria zikaenda kwa Mama Zubeda zikachanganywa na zake. Godoro na masanduku yakagawanywa kwa majirani wengine wa ploti, na hakuna aliyeuliza swali. Nguo zao zilianikwa kwenye kamba yetu, kati ya zetu, kana kwamba tumekuwa familia kubwa ghafla. Nyumba ikabaki na meza, kalenda na mlango.

Lakini sisi watoto ndio tuliokuwa hatari. Mtu mzima unaweza kumwambia nyamaza akanyamaza. Mtoto wa miaka minne je? Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana watoto wa miaka minne ndio waliokuwa kazi yake. Akatukalisha uwanjani, watoto wote wa ploti, akapiga makofi kama anavyofanya darasani.

"Kuna mchezo mpya," alisema. "Huyu hapa anaitwa Nuru. Ni mtoto wa dada ya Mama Zubeda. Atakayemwita Nuru siku nzima anapata andazi jioni. Atakayesema lile jina lingine anakosa. Hakuna msamaha, hata kwa wangu."

Njeri alikuwa amevishwa mtandio wa Zubeda, binti wa Mama Zubeda aliyekuwa ameolewa Mumias. Ulimfika magotini. Alimtazama Mama akasema, "Lakini mimi naitwa Njeri, Mwalimu."

Mama akachuchumaa mbele yake. "Najua. Hilo ni lako, hakuna anayekunyang'anya. Tunakuwekea tu."

Kwa siku nyingi mchezo ule ndio uliokuwa maisha yetu. Asubuhi Mama alitusomesha uwanjani, shule ziwe zimefungwa au la. Tuliandika kwa vijiti kwenye udongo, na Njeri aliandika NURU kwa herufi kubwa akazifuta kwa kisigino. Mama Zubeda alimfundisha kuitikia salamu, "Waalaikumu salaam," na sisi sote tukajifunza, ikawa ploti nzima inasalimiana hivyo hata asubuhi ya Jumapili. Ikisikika milio ya bunduki tulilala chini sakafuni, mashavu kwenye saruji baridi, na Mama akatuambia tuhesabu pumzi za jirani. Helikopta ikipita juu tulikimbia nje kuipungia mkono, tukavutwa masikio kurudi ndani.

Chungu kilikuwa kimoja. Kila nyumba ilileta ilichobakiwa nacho: huyu kikombe cha unga, huyu maharagwe, yule majani ya kunde aliyochuma nyuma ya choo. Kina mama walipika pamoja na kugawa kwa kijiko kile kile. Sukari hakuna, kwa hiyo tulitafuna miwa iliyokauka tuliyoikuta kwenye lori lililoachwa njiani, na tulitema makapi kwa mashindano. Naweza kuwaambia kwa uhakika kabisa kwamba sijawahi kucheza vizuri kama siku zile. Tulikuwa na njaa, lakini hakuna mtu aliyetuambia tujisikie vibaya, basi hatukujisikia vibaya.

Wafula ndiye aliyeteseka. Siku ya kwanza alikosa andazi. Ya pili akakosa. Alikuwa akimpenda Njeri kuliko alivyonipenda mimi, na jina lake lilimtoka kama pumzi. Alilia kwa Mama, alilia kwa Mama Zubeda, akagundua kwamba hakuna mahakama ya rufaa. Nilimkuta siku moja amesimama uso kwa ukuta nyuma ya bafu, akinong'ona, "Njeri, Njeri, Njeri," mpaka akatosheka. Kisha akafuta mdomo akaenda kucheza, akimwita Nuru kwa sauti kubwa. Jioni hiyo alipata andazi lake la kwanza. Alilila akiwa amefumba macho.

Walikuja asubuhi moja, umande ukiwa bado kwenye kamba za nguo. Walikuwa kundi la vijana, wengine na marungu, wengine na mapanga, mmoja na kibuyu cha plastiki chenye petroli. Mbele yao alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya sufu nyekundu. Hawakuwa wageni kabisa. Wawili watatu tuliwajua kwa sura, watu wa pale pale mjini.

Mama alikuwa akifua. Alisimama na povu mikononi.

"Mulembe," akawasalimu, kana kwamba wamekuja kuulizia nafasi ya nasari.

"Mulembe, Mwalimu," kijana wa kofia akajibu. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonitisha. "Fundi wa cherehani yuko wapi?"

"Alienda. Nyumba ni hiyo, angalia."

Wakasukuma mlango, wakaingia, wakatoka. "Imebaki meza," mmoja akasema. Yule wa kibuyu akaanza kufungua kifuniko.

"Hiyo nyumba si yake," Mama akamwambia. "Alikuwa anapanga kama mimi. Mwenyewe ni mzee wa Khwisero, mtu wa kwetu. Ukichoma hiyo, moto hautasimama uulize hizi zingine ni za nani."

Vijana wakatazamana. Kijana wa kofia akageuka akaangalia ploti polepole, mlango kwa mlango. Kwenye baraza lake Mama Zubeda alikuwa ameketi akichambua maharagwe, na kando yake mwanamke mwingine wa buibui, kichwa kimeinama, mikono ndani ya ungo. Sisi watoto tulikuwa tumekaa mkekani miguuni mwao. Nilikuwa nimeshikana mkono na Njeri.

"Asalaamu alaikumu," kijana akasema, akikaribia.

"Waalaikumu salaam," tukaitikia wote kwa pamoja, Wafula akiwa wa mwisho.

"Na huyu mama ni nani?"

"Dada yangu," akasema Mama Zubeda. "Ametoka Mumias, barabara zimemfungia hapa. Ana homa, sauti imepotea. Kama mna njia ya kunipelekea huyu nyumbani, nitashukuru, ananimalizia maharagwe."

Mmoja wao akacheka. Kijana wa kofia hakucheka. Alichuchumaa mbele yetu mkekani, akatupita sisi wakubwa kwa macho mpaka akamfikia Wafula. Alijua anachotafuta. Akamwelekeza kidole Njeri.

"Wewe kijana, huyu anaitwa nani?"

Mama alikuwa mbali, kwenye karai lake, hakuweza kufanya lolote. Wafula alimtazama Njeri, akamtazama yule kijana, akajivuta kidogo, kama mtu anayejua jibu darasani.

"Nuru," alisema. Na kabla hatujashusha pumzi akaongeza, "Ukisema ile ingine unanyimwa andazi."

Maharagwe hayakulia tena kwenye ungo.

"Ile ingine gani?" kijana akauliza, taratibu.

Wafula akafungua mdomo. Mama Zubeda akamwahi, kwa sauti ile ile ya kila siku, akitoa jiwe kwenye maharagwe na kulitupa.

"Kibogoyo," alisema. "Hawa watoto hawana adabu. Mwenzao ametokwa na meno, kutwa wanamwita Kibogoyo, mtoto analia. Nikawaambia atakayesema tena hatakula kwangu. Nuru, hebu mwonyeshe."

Njeri alikuwa hajatabasamu tangu avishwe mtandio ule. Sijui tabasamu lile alilitoa wapi. Aliinua uso, akamtazama kijana mwenye panga, akatabasamu mpaka masikioni, pengo lote likaonekana, na ulimi akautoa katikati yake.

Vijana wakaangua kicheko. Yule wa kibuyu alicheka mpaka akakiweka chini. Kijana wa kofia mwenyewe midomo ilimcheza. Alisimama, akapangusa magoti. Macho yake yalibaki kidogo kwenye vidole vya yule mama wa buibui, vidole vilivyojaa alama za sindano, na mpaka leo naamini alijua. Huenda hata kaptura yake ya shule ilikuwa imepita katika vidole hivyo. Lakini alisema tu, "Twendeni," wakaenda.

Hawakuondoka mikono mitupu. Waling'oa mlango wa nyumba ya Mama Njeri wakaubeba. Tuliwaona wakipanda nao kilima, wanne, kama watu wanaobeba mgonjwa.

Walipopotea, Mama Zubeda akasukuma ungo kando. Mama akaja na mikono yake yenye povu akatukumbatia wote kwa pamoja, tukalowa. Mama Njeri alimvuta Wafula mapajani mwake, akaficha uso kwenye shingo yake. Wafula hakujua ni nini kimetokea. Alisubiri kwa adabu mpaka wakamaliza kumlilia, akauliza, "Nimeshinda?"

"Umeshinda, baba," Mama Zubeda akamwambia.

Unga wa mandazi ulikuwa umeisha siku iliyopita. Mama Zubeda alikung'uta gunia, akapangusa pembe za beseni, akapata wa andazi moja dogo. Wafula alilila peke yake katikati ya uwanja, sote tukimtazama, na hakuna mtoto aliyemwomba hata kipande.

Baba alifika baada ya siku chache, kwa miguu. Alikuwa amekatiza mashamba ya miwa kutoka Malava, huko Kabras, akikwepa barabara, na pale Lubao alizunguka mbali ili asipite kwenye mawe. Majani ya miwa yalikuwa yamemchana mikono na uso. Mgongoni alibeba mahindi, kwapani alibana ingokho hai aliyopewa na kukhu. Aliingia langoni akasimama, akamwona mwanamke wa buibui akifua kwenye karai la mke wake, na msichana wa mtandio akimkimbilia pamoja nami.

"Karibu, Baba Nanjala," Mama akamwambia. "Huyu anaitwa Nuru."

Baba akampa Njeri yule kuku amshike. "Nuru," alisema, "mshikilie vizuri, ametoka mbali." Hakuuliza lingine mpaka alipokula. Jioni ile, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, niliona watoto wakigawiwa mapaja na baba akichukua shingo.

Mambo yalipoanza kutulia, mawe yaliondolewa kidogo kidogo. Ikatangazwa kwamba mabasi yatatoka yakisindikizwa na askari mpaka Nakuru, ambako Baba Njeri alikuwa akiwasubiri na lori lake. Kina mama walifunga vitu usivyojua vilitoka nyumba gani. Mama Njeri alivua buibui, akalikunja, akampa mwenyewe. Mama Zubeda akalirudisha kwenye mkoba wa mwenzake. "Njia bado ndefu," akasema.

Tuliwasindikiza mpaka penye mabasi. Watu walikuwa wengi, magodoro, mabeseni, watoto wanaolia. Mimi na Njeri hatukujua la kufanya, tukashikana mikono tu, tukaachana, tukashikana tena. Alikuwa ameshapanda, uso dirishani, Wafula alipovuta gauni la Mama.

"Sasa naweza kusema?"

Mama alitazama kulia na kushoto. Askari walikuwa pale, injini zilikuwa zinanguruma. Akamwinua Wafula juu ya bega.

"Sema," akamwambia.

Wafula alisema. Alisema, "Njeri," kwanza polepole kama mtu anayeonja, kisha kwa sauti, kisha mfululizo, Njeri, Njeri, Njeri, na basi likaondoka, naye akaendelea kusema mpaka tukarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata walikuja kuchukua cherehani. Mlango mpya ulikuwa umewekwa, na mtu mwingine alikuwa amepanga. Walikula kwetu, wakalala kwa Mama Zubeda, wakarudi Nakuru. Hawakuhamia Kakamega tena. Njeri alikuja kwenye harusi yangu, akacheza ngoma ya isukuti kuliko shemeji zangu, na Wafula, ambaye siku hizi ana ndevu na mkopo wa gari, bado anamwita kwa majina yote mawili. Lakini hatukukua pamoja, na hilo hakuna lililolirudisha.

Sasa mimi ni mama wa watoto wawili, hapa hapa Kakamega, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Mtandao ukipotea kwa saa moja wanangu wanatembea nyumbani kama watu waliozingirwa, wakiniuliza watakula nini. Simu ikianza kuonyesha nyekundu wanatangaza hali ya hatari. Nawacheka, nao wananiambia, "Mathe, hizo ni stori za kitambo." Mpira wao ni wa dukani. Unakaa kwenye boksi, maana hawana wa kucheza naye kati, mchezo unaotaka angalau watatu.

Na mimi nina nini cha kujivunia? Kwa miaka minne jirani yangu nilimjua kwa rangi ya gari lake. Asubuhi tulipigiana honi, tukamaliza. Nilipokuwa na miaka minane ningeweza kukuambia kila nyumba ya ploti inapika nini, nani anakoroma, na nani atamficha mtoto wa mwenzake.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, redio zilianza zile sauti zake. Jumamosi moja nilipika mushenye, nikawaambia watoto wavae viatu, tukaenda kugonga geti la jirani. Alifungua lile dirisha dogo la katikati, mwanamke wa umri wangu, mikono ina unga. Alitutazama kwa wasiwasi.

"Kuna shida?" akauliza.

"Hakuna," nikamwambia. "Tumekuja kuwatembelea."

Aliangalia nyuma yangu, kama anayetafuta shida niliyoiacha barabarani. Hakukuwa na kitu, ni wanangu wawili tu, mmoja na sahani, mwingine akichezea simu. Akafunga lile dirisha. Tulisikia komeo la kwanza likivutwa, kisha la pili, kisha mnyororo ukianguka chini, na geti lote likafunguka.